Mlinganyo wa Kikemia Unapogoma: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuunyoosha

Malalamiko kuhusu milinganyo ya kikemia ni machache, ila yanajirudia. "Hausawazishiki." "Umesawazika, mbona nimewekewa kosa?" "Sijui ni mmenyuko wa aina gani." "Nimechanganya, hakuna kilichotokea." Nimeyasikia kiasi kwamba mtu akinifungulia daftari siku hizi, namba alizoweka mbele sizitazami. Nakimbilia fomula. Mara nyingi ugonjwa uko pale, na kusawazisha fomula mbovu ni kama kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Kwa kila dalili hapa chini nimeanza na kisababishi kinachojitokeza zaidi, kisha nikashuka hadi kile cha nadra. Fuata mpangilio huo. Usirukie namba za oksidisho (zile zinazoonyesha atomu imetoa au imepokea elektroni ngapi) kabla hujahakikisha kwamba kalsiamu umeiandika vizuri.

DALILI YA 1: Mlinganyo haukubali kusawazishika

Ukirekebisha huku, kule kunaharibika. Umefuta mpaka karatasi imetoboka.

Fomula moja ni mbovu. Kisababishi hiki kinaviacha vingine mbali sana. Tazama huu, ambao nimekutana nao mara nyingi:

CaCO₃ + HCl → CaCl + CO₂ + H₂O

Haidrojeni kushoto ni moja, kulia mbili, basi mwanafunzi anaweka 2 mbele ya HCl. Klorini sasa ni mbili kushoto na moja kulia, anaweka 2 mbele ya CaCl. Kalsiamu zinakuwa mbili kulia, anaweka 2 mbele ya CaCO₃. Kaboni imeharibika, anaweka 2 mbele ya CO₂. Anahesabu oksijeni: kushoto sita, kulia tano. Anaweka 2 mbele ya H₂O, na haidrojeni zinakuwa nne kulia wakati kushoto ziko mbili. Amerudi alikoanzia. Anaweza kuzunguka hivyo hadi kesho, kwa sababu hakuna seti ya namba duniani inayosawazisha mlinganyo ule.

Kosa ni CaCl. Ioni (atomu yenye chaji) ya kalsiamu ni Ca²⁺, ya kloridi ni Cl⁻, kwa hiyo kalsiamu moja inahitaji kloridi mbili ili chaji ziuane na kubaki sifuri. Andika CaCl₂, weka 2 moja tu mbele ya HCl, kazi imekwisha:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + CO₂ + H₂O

Jinsi ya kupima: pitia kila kampaundi ya ioni katika mlinganyo, jumlisha chaji zake. Jumla isipokuwa sifuri, umeshika mwizi. Angalia na mabano pia. Kalsiamu haidroksaidi ni Ca(OH)₂. Ukiandika CaOH₂, ile 2 imeshika haidrojeni tu, na oksijeni imebaki moja badala ya mbili.

Kuna kitu umekisahau. Orodhesha elementi za kushoto, kisha za kulia. Elementi ikionekana upande mmoja tu, basi kuna dutu haijaandikwa, na mara nyingi ni maji. Anayeandika kwamba NaHCO₃ ikipashwa joto hutoa Na₂CO₃ na CO₂ amepoteza haidrojeni, na atomu hazipotei. Mlinganyo kamili ni:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Witiri na shufwa zinagongana. Hii hutokea kwenye mwako wa haidrokaboni. Ukisawazisha C₂H₆ unapata 2CO₂ na 3H₂O, na oksijeni kulia ni saba. Lakini oksijeni ya kushoto huja mbilimbili. Usihangaike: weka 7/2 kwa muda, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2.

2C₂H₆ + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O

Katika mwako anza na kaboni, fuata haidrojeni, oksijeni iwe ya mwisho. Oksijeni iko peke yake kwenye O₂, kwa hiyo unaweza kuibadilisha bila kuvuruga kingine chochote. Anayeanza na oksijeni anajitafutia kazi.

Umefumua kifurushi ambacho hakikufumuka. Salfeti, naitreti, haidroksaidi na kaboneti zikitoka upande mmoja na kufika upande wa pili zikiwa nzima, zihesabu zikiwa nzima. Katika Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄, ukianza kuhesabu oksijeni mojamoja utachoka. Hesabu SO₄ tatu, OH tatu kwa kila alumini, na namba zinajipanga zenyewe: 1, 3, 2, 3.

Ni redoksi nzito, yaani mmenyuko ambao elektroni zinahama kutoka dutu moja kwenda nyingine. Kisababishi hiki ni cha nadra, lakini ndicho kinachowavunja moyo hata wenye bidii. Shaba ikiingia kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Kwa nini 8 na si 6? Kwa sababu asidi hapa inafanya kazi mbili. Molekyuli sita zinatoa naitreti za kukaa na shaba, na mbili zinageuzwa kuwa NO. Jicho tupu halioni hilo. Hesabu ya elektroni inaliona: kila shaba hutoa elektroni 2 (kutoka 0 hadi +2), kila naitrojeni iliyogeuzwa hupokea 3 (kutoka +5 hadi +2). Ili zinazotolewa zilingane na zinazopokelewa unahitaji shaba 3 na NO 2. Ukishayajua hayo mawili, mengine yanafuata.

Kuna mlinganyo mmoja mkorofi kuliko huo, nao husawazika kwa njia zaidi ya moja. Huu hapa una atomu sawa kila upande, hesabu uone:

2KMnO₄ + H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4H₂O + 3O₂

Atomu ziko sawa, na bado ni uongo. Manganizi mbili zinapokea elektroni 10, na H₂O₂ moja ina 2 tu za kutoa. Wa kweli una 5H₂O₂, 8H₂O na 5O₂. Ukifika kwenye milinganyo ya namna hii na hujafundishwa namba za oksidisho, simama hapo. Tafuta mwalimu akufundishe njia ya elektroni. Kubahatisha kunaweza kukupa jibu linalopendeza machoni na lisilo kweli, na hutakuwa na namna ya kulijua.

DALILI YA 2: Umesawazika, lakini umewekewa kosa

Dalili hii inauma kuliko ya kwanza, maana hakuna kengele iliyolia.

Umebadilisha namba ndogo ya chini. H₂ + O₂ → H₂O haijalingana, basi mtu anaongeza 2 ndogo chini ya oksijeni na kupata H₂O₂. Imesawazika kweli, ila amegeuza maji kuwa haidrojeni peroksaidi, kitu kinachobabua ngozi na kung'arisha nywele. Namba ndogo ni sehemu ya jina la dutu. Ukiigusa umebadilisha dutu. Za kwako kuchezea ni zile kubwa za mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. (Berzelius, Mswidi aliyetuletea alama hizi za herufi mwanzoni mwa karne ya 19, aliziweka namba ndogo juu ya mstari. Ziliteremshwa chini baadaye. Popote zilipokaa, maana yake ilikuwa ileile.)

Elementi inayotembea wawiliwawili imeandikwa peke yake. Ni saba: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Zikiwa huru, huandikwa hivyo. Anayeandika 2N + 3H₂ → 2NH₃ atasawazisha bila shida yoyote, na atakosa. N₂ + 3H₂ → 2NH₃ ndiyo yenyewe. Kariri hizo saba. Hakuna njia ya mkato.

Metali ina chaji zaidi ya moja na umechagua isiyo yake. Chuma ndicho mfano. Kwenye asidi haidrokloriki hutoa FeCl₂ na gesi ya haidrojeni. Kikipashwa joto katika gesi ya klorini hutoa FeCl₃. Klorini ina nguvu ya kukinyang'anya chuma elektroni ya tatu, ioni ya haidrojeni haina. Fe + 2HCl → FeCl₂ + H₂, na 2Fe + 3Cl₂ → 2FeCl₃.

Namba hazijapunguzwa. 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O si uongo, ila gawanya zote kwa 2.

Alama za hali hazipo au zimekosewa. (s) ni yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi, (aq) kilichoyeyuka majini. Kosa linaloongoza ni kuyaandikia maji (aq). Maji hayajayeyuka ndani ya maji. Ni (l), au (g) yakiwa mvuke. La pili ni kuiandikia chumvi (aq) wakati ndiyo iliyotuama chini kama mashapo. AgNO₃(aq) + NaCl(aq) → AgCl(s) + NaNO₃(aq): ile (s) moja ndiyo habari yote ya mlinganyo huo.

Mshale si wenyewe. Mmenyuko unaorudi nyuma huandikwa kwa ⇌. Alama ya = iache kwenye hisabati.

DALILI YA 3: Mlinganyo wa ioni una atomu sawa lakini chaji hazilingani

Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag. Shaba moja kwa moja, fedha moja kwa moja. Chaji kushoto +1, kulia +2. Elektroni moja imepotea njiani. Weka 2 mbele ya fedha pande zote: Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag. Hesabu ya chaji iwe tabia yako, kama mtu anavyogeuka kuangalia mlango kama ameufunga.

Chanzo kingine ni kupasua kisichopasuka. Vinavyogawanywa kuwa ioni ni chumvi zilizoyeyuka, asidi kali na besi kali. Mashapo, gesi, maji na asidi dhaifu kama CH₃COOH hubaki nzima.

Kisha kuna mtego ambao hata mimi uliwahi kuninasa mbele ya darasa: Ba(OH)₂ na H₂SO₄. Kwa mazoea unaandika H⁺ + OH⁻ → H₂O, asidi na besi zimezimana, unafuta ubao. Lakini BaSO₄ haiyeyuki. Bariamu na salfeti nazo zimemenyuka, na hakuna ioni mtazamaji (isiyoshiriki mmenyuko) hata moja:

Ba²⁺ + 2OH⁻ + 2H⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄(s) + 2H₂O(l)

DALILI YA 4: Hujui mmenyuko uuweke kundi gani

Pima kwanza kwa kuhesabu dutu. Mbili au zaidi zimekuwa moja: muungano. Moja imekuwa mbili au zaidi: mtengano. Elementi huru imeingia kwenye kampaundi na kuitoa nyingine: uondoshaji, kama Zn + CuSO₄ → ZnSO₄ + Cu. Kampaundi mbili zimebadilishana wenza: ubadilishanaji. Kitu kimeungua katika oksijeni: mwako.

Kama baada ya hapo bado unababaika, huenda tatizo si lako. Makundi haya hayajajengewa kuta. 2Mg + O₂ → 2MgO ni muungano, ni mwako, na ni redoksi kwa wakati mmoja, kama mtu mmoja anavyoweza kuwa shangazi na fundi. Swali likidai jibu moja, tazama mada iliyotangulia swali hilo. Likikuachia uhuru, taja yote na utoe sababu.

Wengine wanakwama kwa sababu mmenyuko una hatua mbili zilizofichwa. Ule wa CaCO₃ na HCl hapo juu unaonekana hauna kundi. Kumbe kwanza walibadilishana wenza wakapatikana CaCl₂ na H₂CO₃, kisha H₂CO₃ ikatengana palepale kuwa maji na CO₂. Povu unaloliona ni hatua ya pili.

Kwa redoksi kuna kipimo cha haraka ninachokiamini: elementi ikiwa huru upande mmoja na imefungwa kwenye kampaundi upande wa pili, ni redoksi. Kwa hiyo kila uondoshaji wa metali ni redoksi, na kila mwako pia. Kuzimana kwa asidi na besi, hapana. Na kuna wasiotaka kundi lolote: 3O₂ → 2O₃. Usiulazimishe.

DALILI YA 5: Karatasini uko sawa, kwenye chombo kimya

Karatasi huvumilia chochote. Unaweza kusawazisha Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂ vizuri kabisa, na shaba ikakaa ndani ya asidi ile wiki nzima bila kutoa povu.

Anza na safu ya utendaji: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, haidrojeni, shaba, zebaki, fedha, dhahabu. Ya mbele huitoa ya nyuma kwenye chumvi yake. Ya nyuma haimtoi wa mbele. Shaba iko nyuma ya haidrojeni, basi.

Kama ni ubadilishanaji, uliza: kuna mashapo, gesi au maji yaliyotokea? NaCl na KNO₃ zikichanganywa majini, ioni nne zinaogelea kabla na ioni nne zinaogelea baada. Hakuna mmenyuko wa kuandika.

Metali imejivika ngozi. Alumini iko mbele sana kuliko shaba, lakini ukitumbukiza karatasi ya alumini kwenye myeyusho wa shaba salfeti inaweza kukaa iking'aa tu. Imefunikwa na utando mwembamba wa Al₂O₃. Tia chumvi ya kawaida, NaCl, kiasi kidogo. Ioni za kloridi zinautoboa utando ule, na baada ya muda mfupi unaona madoa ya rangi ya kutu, vipovu, chombo kinapata moto, na rangi ya buluu inafifia. Hayo madoa si kutu, ni shaba. Mlinganyo ulikuwa kweli tangu mwanzo, mlango tu ndio uliofungwa.

Zao lenyewe limeziba njia. Kipande cha marumaru kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa huanza kwa povu kisha hunyamaza, kwa kuwa CaSO₄ ambayo huyeyuka kidogo sana imekifunika. Risasi hufanya vivyo hivyo kwa PbSO₄. Badilisha asidi: HCl kwa marumaru.

Kinahitaji joto au kichocheo. Haidrojeni na oksijeni hukaa pamoja kwa amani mpaka cheche ipite. Andika sharti hilo juu ya mshale. Mmenyuko wa N₂ na H₂ viwandani hupewa chuma kama kichocheo, joto la 400 hadi 500°C na mgandamizo wa angahewa 150 na zaidi. Bila hayo hupati amonia ya maana.

Simama hapa: mmenyuko ukikaa kimya, usiuchokoze kwa kuongeza asidi, kuziba chombo au kupasha moto kitu usichokijua. Kimya kinaweza kuwa ucheleweshaji tu. Mwite mtaalamu wa maabara kabla ya kuongeza chochote.

DALILI YA 6: Uzito hauendani na mlinganyo

Uzito umepungua? Gesi imeondoka. Gramu 100 za CaCO₃ zikichomwa zinabakiza gramu 56 za CaO; 44 zimepanda juu kama CO₂. Uzito umeongezeka? Oksijeni ya hewani imeingia. Ndiyo sababu Lavoisier, aliyeisimamisha kanuni ya kuhifadhika kwa masi karne ya 18, alifanya kazi katika vyombo vilivyofungwa. Usiige kufunga chombo kinachotoa gesi. Yeye alijua anachokifanya.

Linalosumbua wengi ni magnesiamu. Gramu 2.4 zinapaswa kutoa gramu 4.0 za MgO, na watu wanapata 3.6 au 3.7. Kwanza, moshi mweupe uliotoroka kifuniko kilipoinuliwa ulikuwa MgO yenyewe. Pili, hakikisha yote imeungua: pasha tena, poza, pima, hadi uzito usibadilike. Tatu, jambo wasilolitegemea: magnesiamu inayoungua hula na naitrojeni pia, 3Mg + N₂ → Mg₃N₂, na gramu 2.4 zikigeuka zote kuwa hiyo zinatoa kama gramu 3.4 tu. Tiba ni matone machache ya maji baada ya chombo kupoa kabisa, kisha kupasha tena. Mg₃N₂ inakuwa haidroksaidi na kutoa amonia (utaisikia harufu), na haidroksaidi ikipashwa inakuwa MgO.

PA KUACHA NA KUITA MTU

Gesi ya kahawia ikipanda kutoka kwenye asidi ya naitriki, hiyo ni NO₂. Toka, fungua madirisha kama yako njiani, mwite msimamizi. Aliyeivuta apelekwe kwa daktari hata kama anasema yuko salama, maana mapafu huweza kuanza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Dawa ya kung'arisha nguo isikutane na asidi: NaOCl + 2HCl → NaCl + Cl₂ + H₂O, na Cl₂ ile ni sumu. Isikutane na amonia pia.

Asidi kali ya salfuriki humiminwa polepole ndani ya maji. Maji hayamiminwi ndani ya asidi.

Magnesiamu ikishika moto usiimwagie maji, na usiipulizie kizima-moto cha CO₂. Mlinganyo wake unakwambia sababu: 2Mg + CO₂ → 2MgO + C. Gesi uliyoileta kuuzima inakuwa chakula chake. Mchanga mkavu, rudi nyuma, usiukodolee macho ule mwanga mweupe, na kama umetoka nje ya sahani yake, waite zimamoto.